Inchi Kumi na Sita: Jinsi Sheria za Marekani Zinavyoipa Bunduki Fupi Jina Lake

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliotoka kazini mkaja hapa moja kwa moja bila hata kupitia nyumbani, nawashukuru kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie bunduki za mitutu mifupi, na namna sheria za shirikisho na za majimbo ya Marekani zinavyoziainisha. Mada hii haikuokotwa njiani. Kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Texas alinunua dukani, kihalali kabisa, bastola kubwa yenye umbo la AR-15, ile bunduki maarufu ya kiraia inayofanana na ya jeshi, na mtutu wa inchi kumi na nusu, kisha akaagiza kitako mtandaoni kwa nia ya kukipachika mwenyewe ili aweze kuilaza silaha yake begani anapolenga. Kwa bahati njema aliuliza kabla ya kuulizwa. Laiti angekipachika, kwa kazi ya dakika chache mezani angekuwa ametengeneza silaha ambayo kuimiliki bila usajili wa serikali ya shirikisho ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 10. Bastola ilikuwa halali na kitako kilikuwa halali, kila kimoja kikiwa peke yake. Jioni ya leo nataka tuelewe kwa nini ndoa ya vitu viwili halali huzaa mtoto haramu.

Nianze na maneno, kwa sababu hapa maneno ndiyo sheria yenyewe. Nitakaposema raifo, nakusudia bunduki iliyoundwa ifyatuliwe ikiwa imeegemezwa begani, ambayo ndani ya mtutu wake kuna mifuo inayozunguka kama uzi wa parafujo ili kuizungusha risasi, na ambayo hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Nitakaposema bunduki ya marisau, nakusudia ile ambayo nayo huegemezwa begani lakini mtutu wake ni laini, nayo hurusha vidonge vingi kwa mpigo mmoja au risasi moja nzito. Wengi wenu mnaiita shotigani. Bastola, kwa upande wake, ni silaha iliyoundwa ifyatuliwe kwa mkono mmoja. Mtaona kwamba katika tafsiri hizi hakuna neno hata moja kuhusu nguvu ya risasi, wala umbali inakofika, wala idadi ya watu wanaoweza kudhurika. Kinachotazamwa ni bega, mkono, na kilicho ndani ya mtutu.

Hili huwatatiza sana watu waliokulia Afrika Mashariki. Kwetu, mtu akisikia kuna bunduki nyumbani kwa jirani, swali la kwanza ni kama jirani ana kibali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake ya silaha, Sura ya 114, na zote mbili huanza na mtu: ni nani, kwa nini anaitaka silaha, na nani amemruhusu. Marekani nako huchunguza mtu, lakini katika uwanja huu tunaouzungumzia swali la kwanza ni jingine. Huulizwa: hiki ni kitu gani? Jibu la swali hilo ndilo huamua kama mnunuzi ataondoka dukani siku hiyo hiyo, au atajaza fomu, atatoa alama za vidole na picha, na kusubiri idhini ya serikali, au hataruhusiwa kabisa.

Sasa vipimo vyenyewe. Sheria ya shirikisho, ambayo kwa sehemu kubwa imekaa ndani ya sheria za kodi na si ndani ya sheria za jinai, husema hivi: raifo yenye mtutu usiofika inchi 16, yaani kama sentimita 40 na nusu, ni raifo ya mtutu mfupi. Bunduki ya marisau yenye mtutu usiofika inchi 18, kama sentimita 46, ni bunduki ya marisau ya mtutu mfupi. Tena, silaha yoyote iliyotengenezwa kutokana na raifo au bunduki ya marisau, ikiwa baada ya kubadilishwa urefu wake wote haufiki inchi 26, nayo inaingia kundini hata kama mtutu wake unatosha. Zikishaingia humo hukaa meza moja na bunduki za rashasha, mabomu ya kurushwa kwa mkono na viwambo vya kuzuia sauti.

Upimaji wenyewe una adabu zake. Maafisa wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, hufunga mtambo wa bunduki, huingiza kijiti mtutuni kutokea mdomoni mpaka kigote, hutia alama pale mtutu unapoishia, kisha hukitoa kijiti na kukipima. Kifaa cha mdomoni cha kupunguza mwako huhesabiwa kuwa sehemu ya mtutu iwapo tu kimeunganishwa kwa namna ya kudumu, kwa mfano kwa kuchomelewa. Kilichokazwa kwa mkono hakihesabiwi. Urefu wote wa bunduki hupimwa kitako kikiwa kimekunjuliwa. Milimita moja ikipungua, jina limebadilika, na kwa jina hilo mtu hushitakiwa.

Kwa nini 16, na kwa nini 18? Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu bila historia vipimo hivi havina maana yoyote, na kwa maoni yangu hata pamoja na historia maana yake ni chache.

Mwaka 1934, Marekani ikiwa imetoka tu katika miaka ya marufuku ya pombe na vita vya magenge mijini, Rais Franklin Roosevelt na Mwanasheria Mkuu wake, Homer Cummings, walipeleka bungeni muswada wa kudhibiti silaha zilizopendwa na wahalifu. Serikali haikuwa na uhakika kwamba Katiba inairuhusu kuzipiga marufuku moja kwa moja, kwa hiyo ikapita mlango wa kodi: anayetengeneza au kuhamisha silaha ya aina hiyo alipe dola 200 na silaha iandikwe katika daftari la serikali. Dola 200 za mwaka ule zilikuwa mzigo hasa. Kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 4,000, na zilizidi bei ya bunduki nyingi zilizokuwa zikitozwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba muswada ule ulilenga pia bastola za kawaida. Bastola ndiyo silaha inayofichika ndani ya koti, na wahalifu waliitumia kuliko silaha nyingine yoyote. Lakini mtu aliyezuiwa kununua bastola angeweza kununua bunduki ndefu na msumeno wa chuma, akaikata, akajipatia kitu kinachofichika kama bastola. Ndipo bunduki zilizofupishwa zikatiwa ndani, ziwe ua wa kuzuia watu wasiizunguke sheria ya bastola. Baadaye, kutokana na upinzani wa NRA, chama cha kitaifa cha wamiliki wa bunduki, na wabunge wengi, bastola ziliondolewa katika muswada. Ua ukabaki. Nyumba iliyokuwa ikilindwa na ua ule haikujengwa kamwe, lakini ua umesimama tangu tarehe 26 Juni 1934, na watu wamefungwa kwa kuuruka. Kila ninapofundisha somo hili hufika hapa nikacheka peke yangu, ingawa kwa mteja aliyekaa upande wa pili wa meza si jambo la kuchekesha.

Wakati ule kipimo kilikuwa inchi 18 kwa aina zote mbili. Mwaka 1960 Bunge liliishusha raifo hadi inchi 16 na kuiacha bunduki ya marisau pale pale. Tofauti ya inchi mbili iliyopo leo haikutokana na utafiti wowote wa madhara.

Kesi iliyoipeleka sheria hii mbele ya Mahakama ya Juu ilianza barabarani. Mwezi Aprili 1938, Jack Miller na Frank Layton walishitakiwa kwa kusafirisha bunduki ya marisau ya mitutu miwili, isiyosajiliwa, yenye mitutu iliyopungua inchi 18, kutoka Claremore katika jimbo la Oklahoma hadi Siloam Springs, Arkansas. Jaji wa wilaya aliifuta hati ya mashtaka akisema sheria inakiuka Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayolinda haki ya wananchi ya kuwa na silaha. Serikali ikakata rufaa moja kwa moja. Wakili wa washitakiwa hakulipwa, hakwenda Washington, na hakuwasilisha hoja yoyote ya maandishi. Upande mmoja tu ndio uliosikika. Tarehe 15 Mei 1939 Mahakama ilitamka kwamba, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi unaoonyesha kuwa bunduki ya aina hiyo ina uhusiano wa maana na kikosi cha mgambo kinachotajwa na Katiba, haiwezi kusema Katiba inailinda. Miller hakuisoma hukumu. Alikuwa ameuawa kwa risasi mwezi mmoja kabla. Layton alikiri kosa akapewa kifungo cha nje.

Natumia muda kwenye kesi ile kwa sababu kivuli chake ni kirefu. Mwaka 2008, Mahakama ya Juu ilipotambua kwa mara ya kwanza kwamba Marekebisho ya Pili yanalinda haki ya mtu binafsi ya kuwa na bastola nyumbani kwake, Jaji Antonin Scalia alirudi kwa Miller na kueleza kwamba hukumu ile ina maana kuwa haki hiyo haigusi silaha ambazo raia watii sheria hawana kwa kawaida, na mfano alioutoa ni bunduki ya marisau ya mtutu mfupi. Mpinzani wa sheria anaweza kujibu kwamba raia watii hawana silaha hizo kwa kawaida kwa sababu sheria imewazuia tangu mwaka 1934, na hoja inaanza kuzunguka kama mbwa anayekimbiza mkia wake. Mimi naiona hoja ya mpinzani huyo kuwa na uzito, ingawa mahakama nyingi hazijashawishika.

Mwaka 1968 palitokea mtikisiko mwingine. Mahakama iliona kwamba kumtaka mtu asajili silaha ambayo tayari anaimiliki kinyume cha sheria ni kumlazimisha ajitie hatiani mwenyewe, jambo ambalo Katiba inalikataza. Bunge likaandika upya utaratibu ule. Tangu hapo, anayetaka kutengeneza silaha ya aina hii huomba kabla hajaitengeneza, na anayeitoa ndiye huomba kuihamisha kabla hajaitoa. Mwenye nayo tayari isiyosajiliwa hana dirisha la kwenda kuiandikisha. Kulikuwa na msamaha wa siku 30 mwishoni mwa mwaka 1968, ukapita. Nawasihi mlikumbuke hili mnaponunua nyumba za wazee wa hapa na kukuta vitu darini. Bunduki fupi ya babu iliyofungwa kwa gunia, ikiwa haimo katika daftari, haisajiliki kwa nia njema, na hatua ya kwanza ni kumpigia wakili simu bila kuigusa wala kuitia garini.

Turudi kwa kijana wetu na kitako chake. Kwa kuwa bastola ziliachwa nje ya sheria ya mwaka 1934, bastola inaweza kuwa na mtutu mfupi kiasi chochote na isimhusu mtu. Lakini bastola yenye mifuo mtutuni ikipewa kitako cha begani, imekuwa raifo, na kwa kuwa mtutu wake haufiki inchi 16, imekuwa raifo ya mtutu mfupi. Tazameni ajabu iliyopo: kilichoongezwa kimeifanya silaha kuwa ndefu zaidi na ngumu zaidi kufichwa, ilhali sheria iliyotungwa kwa hofu ya kufichwa ndiyo inayomkamata mwenye nayo. Kinyume chake pia kina mtego. Kiunzi cha bunduki kilichoanza maisha yake kama raifo hakigeuki bastola kwa kung'olewa kitako na kufungwa mtutu mfupi. Sheria huiona kuwa silaha iliyotengenezwa kutokana na raifo. Kilichoanza kama bastola, kwa maelezo ya ATF ya mwaka 2011, kinaweza kugeuzwa raifo ndefu na kurudishwa kuwa bastola bila kosa, mradi mtutu mfupi na kitako visikutane hata kwa saa moja. Bunduki ina nasaba, na nasaba hiyo haifutiki.

Kuhusu vipande vilivyolala kando kando kabatini, kesi kubwa ni ya mwaka 1992. Kampuni ya Thompson/Center iliuza bastola pamoja na seti yenye kitako na mtutu wa inchi 21, ili mnunuzi aweze kuibadilisha iwe raifo ya urefu halali. ATF ilidai kwamba, kwa kuwa vipande vile vile vingeweza kuunganishwa vibaya, yaani kitako pamoja na mtutu mfupi, basi kampuni ilikuwa imetengeneza raifo ya mtutu mfupi. Kampuni ililipa dola 200 kisha ikadai irudishiwe, na ikashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Sababu iliyotolewa na majaji wa upande ulioshinda ni kwamba sheria hii, hata kama imevaa kanzu ya kodi, hubeba adhabu ya jinai, na utata katika sheria ya jinai hutatuliwa kwa faida ya anayeshitakiwa. Msidanganyike lakini: vipande ambavyo havina matumizi mengine yoyote isipokuwa kutengeneza silaha fupi ni habari tofauti, na mahakama haikuwapa wenye navyo faraja hiyo.

Halafu kikaja kifaa kilichowasumbua watu wengi kuliko vyote, kile kishikizo kinachofungwa nyuma ya bastola kubwa na kuzungushiwa mkono wa mpigaji. Kilibuniwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu aweze kuitawala silaha kwa mkono mmoja, na mwaka 2012 ATF ilisema hakiigeuzi bastola kuwa raifo. Watu wakakinunua kwa wingi, na wengi wakakiegemeza begani. Mwaka 2015 idara ikasema kukiegemeza begani ni kuitengeneza silaha upya. Mwaka 2017 ikalegeza kauli hiyo. Tarehe 31 Januari 2023 ikachapisha kanuni ndefu iliyozifanya nyingi ya bastola hizo kuwa raifo za mitutu mifupi, na kuwapa wenye nazo siku 120 za kuzisajili bila kodi, au kukiondoa kifaa, au kuzikabidhi. Mahakama ya shirikisho hapa hapa Texas iliitengua kanuni ile mwezi Juni 2024. Kwa hiyo kitu kile kile, bila kuguswa na bisibisi, kimekuwa bastola, kikawa karibu raifo, kikarudi kuwa bastola, kutegemea tarehe iliyo kwenye kalenda. Si rahisi kumweleza hayo fundi bomba wa Kitanzania anayefanya kazi siku sita kwa wiki na hana muda wa kusoma gazeti la serikali.

Kwa upande wa marisau kuna mfano unaofanana. Kiwanda cha Mossberg hutoa silaha iitwayo Shockwave, yenye mtutu wa inchi 14 na mshikio uliopinda kama kichwa cha ndege badala ya kitako. Inatumia risasi zile zile za marisau, lakini kwa shirikisho si bunduki ya marisau, kwa kuwa haikuwahi kuundwa ilazwe begani. Wala si ya kundi lile la kusajiliwa, kwa kuwa urefu wake wote umezidi kidogo inchi 26. Ni silaha tu, haina jina jingine. Texas ilibidi ibadilishe maneno ya sheria yake mwaka 2017 ili iweze kuuzwa humu.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye majimbo. Sheria ya shirikisho ni sakafu; jimbo linaweza kujenga ukuta juu yake, na stakabadhi ya ATF haibomoi ukuta huo.

Texas tunayoishi ilikuwa kwa miaka mingi na kifungu kinachokataza silaha za mtutu mfupi isipokuwa zilizosajiliwa na shirikisho. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 kifungu hicho kimeondoa silaha hizo katika orodha yake. Baadhi ya watu wamelielewa hilo kuwa ruhusa ya kukata mitutu, na nimesikia kwa masikio yangu mtu akilitangaza hivyo kwenye kinyozi. Si kweli. Kilichoondoka ni adhabu ya jimbo. Miaka 10 ya shirikisho iko pale pale, na mwendesha mashtaka wa shirikisho ana ofisi katika mji huu.

California hukataza kabisa raia wa kawaida kuwa na raifo au bunduki ya marisau ya mtutu mfupi, na tafsiri yake ni pana kuliko ya shirikisho. Nilisema kwamba katika sheria ya shirikisho kipimo cha inchi 26 kinahusu silaha iliyobadilishwa. California inakitumia kwa raifo yoyote, hata iliyotoka kiwandani na mtutu halali wa inchi 16; ikiwa urefu wote ni inchi 25 na nusu, Texas ni raifo ya kawaida na California ni silaha iliyopigwa marufuku.

New Jersey ina tafsiri ninayoipenda kwa ubaya wake. Ndani ya maana ya maneno bunduki ya marisau iliyokatwa, sheria ya jimbo hilo imeitia pia raifo yenye mtutu chini ya inchi 16. Raifo inaweza kushitakiwa kwa jina la bunduki ya marisau, na hapana msumeno uliowahi kuigusa. New York nayo, katika sheria yake ya adhabu, neno linalotafsiriwa silaha ya moto limefungwa kwa bastola na silaha fupi pamoja na aina nyingine chache, kiasi kwamba raifo ndefu ya kawaida ya kuwindia haingii katika tafsiri hiyo. Ikikatwa, ndipo inapokuwa silaha. Wakili anayevuka mto Hudson asubuhi na kurudi jioni inambidi abadilishe kamusi njiani.

Katikati kuna majimbo yanayokubali moja na kukataa jingine. Minnesota, walikojaa ndugu zetu Wakenya, inakataza bunduki ya marisau ya mtutu mfupi lakini haina katazo kama hilo kwa raifo fupi iliyosajiliwa. Washington iliifungulia mlango raifo fupi mwaka 2014 na kuendelea kuifungia ya marisau, ingawa sheria nyingine za jimbo hilo zimeongezeka tangu hapo. Michigan ililegeza mwaka huo huo wa 2014, na Indiana ikaondoa marufuku yake ya marisau fupi mwaka 2015. Sitawataja wote, ramani hii hubadilika kila msimu wa mabunge.

Niguse kodi, maana najua swali linakuja. Sheria ya bajeti iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeishusha kodi ya raifo fupi, marisau fupi na viwambo vya kuzuia sauti kutoka dola 200 hadi sifuri, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Waliokuwa wakiipigania walitaka usajili nao uondoke, lakini msimamizi wa kanuni za Seneti aliona kwamba kufuta usajili si jambo la bajeti, kwa hiyo likatolewa. Matokeo yake ni kwamba fomu, alama za vidole na kusubiri vimebaki bila kodi iliyokuwa msingi wake. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hii kwa sababu ilikuwa kodi. Sasa wapinzani wamekwenda mahakamani wakiuliza daftari la walipa kodi lina kazi gani pale ambapo hakuna kodi. Ni swali zuri. Mpaka litakapojibiwa na mahakama yenye mamlaka, daftari ni la lazima.

Kwetu sisi tuliokuja, jina la silaha lina uzito ambao jirani mzaliwa wa hapa haubebi. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na silaha yoyote ya moto, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya kuwinda. Na asiye na hadhi halali ya kuishi hapa haruhusiwi kabisa. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Lakini sheria ya uhamiaji husema kwamba mgeni aliyehukumiwa kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria anaweza kuondolewa nchini, na makosa ya sheria hii ya usajili yametajwa kwa namba yake katika orodha ya makosa mazito yanayomfungia mtu karibu milango yote ya huruma ya jaji wa uhamiaji. Mzaliwa wa hapa akikiri kosa apate kifungo cha nje kama Layton, kesi imekwisha kwake. Mwenye kadi ya kijani akikubali makubaliano yale yale, huenda jambo la pili atakaloliona ni wito wa mahakama ya uhamiaji. Kwa hiyo msikiri chochote katika kesi ya silaha kabla wakili anayejua sheria za uhamiaji hajasoma karatasi zenu, hata kama wakili wa jinai anawaambia makubaliano ni mazuri.

Mwisho ni safari. Kuna ndugu hapa ana raifo fupi aliyoisajili vizuri, na mwezi ujao anahamia New Jersey kwa ajili ya kazi. Bastola na raifo ndefu zina taratibu zao, lakini raifo fupi na marisau fupi haziruhusiwi kuvuka mpaka wa jimbo mpaka ATF iwe imetoa idhini ya maandishi mapema, kwa fomu yenye namba 5320.20, inayotaja silaha, tarehe na mahali inapokwenda. Niliijaza pamoja naye wiki iliyopita mpaka tulipofika kwenye anwani ya kule anakokwenda, tukaweka kalamu chini. Idhini haitolewi kwa kuipeleka silaha mahali ambapo sheria ya jimbo inaikataza. Tunachozungumza naye sasa ni nani hapa Texas anayeweza kuihamishia kihalali kabla gari la mizigo halijafika.